Git Imeandika Jina Gani? Kutatua Matatizo ya Utambulisho kwa Kila Mradi

Kompyuta moja ikitumika kwa kazi ya mwajiri, kazi za wateja na miradi binafsi, haipiti muda mrefu kabla anwani ya baruapepe ya nyumbani haijaonekana kwenye hazina ya kampuni (folda ya mradi ambayo historia yake inatunzwa na Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), au anwani ya kampuni kwenye mradi wa wazi ambao kila mtu duniani anaweza kuusoma. Kosa la kwanza huwasumbua wanaokagua msimbo. La pili linaweza kuzua maswali ya mkataba, kwa kuwa anwani ya mwajiri ndani ya historia ya mradi inaweza kusomwa kama dai kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa niaba yake. Mwongozo huu unafuata dalili zinazoonekana kwenye skrini, na kwa kila dalili unaeleza sababu zake na namna ya kuthibitisha sababu inayohusika kabla ya kubadilisha chochote. Amri zote ni za kuandikwa kwenye terminali, lakini anayetumia kihariri chenye vitufe pia zitamfaa, kwa sababu mara nyingi kihariri hicho husoma mafaili yaleyale ya mipangilio.

Kinachoandikwa ndani ya komiti

Kabla ya kutafuta kosa ni vyema kuiona komiti, yaani rekodi moja ya mabadiliko katika historia ya mradi, jinsi ilivyohifadhiwa. Amri `git cat-file -p HEAD` huionyesha bila mapambo, na miongoni mwa mistari itakayotokea kuna miwili inayotuhusu:

```
author Jina Kamili <mimi@nyumbani.example> 1718000000 +0300
committer Jina Kamili <mimi@nyumbani.example> 1718000000 +0300
```

Namba ndefu ni sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, na `+0300` ni tofauti ya saa za Afrika Mashariki na saa za dunia. Kuna mistari miwili kwa sababu Git inatofautisha mwandishi wa mabadiliko na mwekaji wake, yaani aliyeyaingiza kwenye historia. Linus Torvalds alipoanza kuiandika Git mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, marekebisho ya msimbo yalikuwa yakitumwa kwa baruapepe, hivyo aliyeandika rekebisho na aliyelipokea na kuliingiza mara nyingi walikuwa watu wawili. Utaratibu huo umebaki, na ndio unaoeleza kwa nini baada ya `git rebase` au `git cherry-pick`, amri zinazoandika komiti upya mahali pengine katika historia, jina la mwandishi hubaki lilelile huku jina la mwekaji likibadilika kuwa la aliyetoa amri. Anayeona majina mawili tofauti kwenye komiti iliyopitia amri hizo hana tatizo la kutatua.

Jambo lililo zito zaidi ni kwamba Git haithibitishi jina wala anwani. Inaandika ilichokikuta kwenye mipangilio, hata kama ni anwani isiyokuwapo. Kwa hiyo yapo mambo matatu yanayochanganywa kila siku ingawa kila moja linasimama peke yake: jina na anwani vinavyoandikwa ndani ya komiti, ufunguo au tokeni inayotumika kusukuma (yaani kutuma) kazi kwenye seva, na sahihi ya kidijitali inayothibitisha komiti. Kurekebisha moja hakurekebishi jingine. Saa nyingi hupotea kwa mtu kubadilisha `user.email` mara kadhaa akitarajia seva imtambue kama mtu mwingine, ilhali seva haiitazami kabisa anwani hiyo inapoamua nani aruhusiwe kusukuma.

Amri mbili za kuanzia

Dalili iwe ipi, anza kwa kuingia ndani ya hazina yenye tatizo na kuuliza maswali mawili.

```
git var GIT_AUTHOR_IDENT
git config --show-scope --show-origin --get-all user.email
```

Ya kwanza inajibu kile ambacho Git ingeandika iwapo ungefanya komiti sasa hivi, baada ya kuzingatia kila kitu. Ya pili inaorodhesha kila mahali ambapo anwani imetajwa, pamoja na ngazi na faili ilimotoka. Kwa mfano:

```
global  file:/home/msanidi/.gitconfig   mimi@nyumbani.example
local   file:.git/config                mimi@kazi.example
```

Git husoma kwanza mipangilio ya mfumo mzima, ambayo katika Linux kwa kawaida huwa `/etc/gitconfig`, kisha ya mtumiaji iliyo katika `~/.gitconfig` au `~/.config/git/config`, kisha ya hazina yenyewe iliyo katika `.git/config`. Thamani inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda, hivyo katika orodha hiyo mstari wa chini kabisa ndio unaotawala. Chaguo `--show-origin` limekuwapo tangu toleo 2.8 la mwaka 2016 na `--show-scope` tangu toleo 2.26 la mwaka 2020. Ukiwa na Git ya zamani, ondoa la pili na amri itafanya kazi.

Majibu ya amri hizi mbili yakikubaliana, tatizo limo kwenye faili lililotajwa na unalifahamu tayari. Yakipingana, kuna kitu kingine kinachoingilia, na hicho kina sehemu yake hapa chini.

Dalili: Git inakataa kufanya komiti

Ujumbe unaotokea ni huu:

```
Author identity unknown

*** Please tell me who you are.
```

Sababu ya wazi ni kwamba hakuna jina wala anwani iliyowekwa, na hilo ni la kawaida kwenye kompyuta mpya. Kama una hakika uliviweka, basi amri inaendeshwa chini ya mtumiaji mwingine au kwenye mazingira mengine: uliitanguliza kwa `sudo`, na Git ikasoma folda ya nyumbani ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo) badala ya yako; uko ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) ambalo halina `.gitconfig` yako, au unatumia Linux ndani ya Windows kupitia WSL, ambako folda ya nyumbani ya Linux na ile ya Windows ni mbili, kila moja na mipangilio yake. Amri `echo $HOME` ikifuatiwa na `git config --list --show-origin` hutosha kuonyesha ni ipi.

Hapa pana mtego. Ujumbe huo wenyewe unakupa amri za kunakili zenye neno `--global`, na mwenye haraka huzifuata zilivyo. Kwa mwenye utambulisho mmoja hakuna ubaya. Kwa mwenye utambulisho miwili au mitatu, hapo ndipo tatizo la miezi ijayo linapopandwa, kwa sababu anwani ya mradi mmoja imegeuka kuwa ya miradi yote. Ndani ya hazina husika, andika amri hizo bila `--global`:

```
git config user.name "Jina Kamili"
git config user.email "mimi@kazi.example"
```

Dalili: anwani iliyoandikwa huitambui kabisa

Wakati mwingine komiti inapita bila kizuizi, lakini anwani iliyomo ni kitu kama `msanidi@laptop.local`. Git haikupata anwani kwenye mipangilio ikaamua kukisia, ikiunganisha jina la kuingilia kwenye kompyuta na jina la kompyuta yenyewe. Baada ya komiti huonyesha onyo linaloanza na `Your name and email address were configured automatically`, lakini onyo hilo huja komiti ikiwa imeshaandikwa, na katika kihariri chenye vitufe huenda lisionekane kabisa.

Dawa yake ni kuikataza Git isikisie:

```
git config --global user.useConfigOnly true
```

Mpangilio huu uliingia katika toleo 2.8. Kwa maoni yangu ndio mpangilio muhimu kuliko wote uliotajwa katika mwongozo huu kwa mtu mwenye miradi ya aina mbalimbali, hasa ukiuambatanisha na hatua nyingine ambayo wengi husita kuichukua: ondoa kabisa anwani ya ngazi ya mtumiaji kwa `git config --global --unset-all user.email`, ubakize jina peke yake. Kuanzia hapo kila hazina mpya itakataa komiti ya kwanza kwa ujumbe `no email was given and auto-detection is disabled` hadi useme wewe ni nani humo. Kukataliwa kunagharimu nusu dakika. Kusafisha historia iliyokwisha kusambazwa ni kazi ya timu nzima, na mara nyingine haiwezekani.

Dalili: umeweka anwani ya mradi, lakini ya zamani inaendelea kuandikwa

Sababu inayotokea mara nyingi zaidi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: hazina ilinakiliwa upya. Faili `.git/config` ni la nakala hiyo moja tu na halisafiri kwa `git clone`, hivyo aliyefuta folda na kuinakili tena amepoteza kila alichokiweka humo. Vivyo hivyo, hazina ndogo iliyo ndani ya hazina nyingine hairithi mipangilio ya hazina kuu, na inahitaji yake.

Kama hilo silo, na `git var` inatoa jibu tofauti na `git config`, angalia vigeuzi vya mazingira:

```
env | grep -E '^(GIT_|EMAIL=)'
```

`GIT_AUTHOR_NAME`, `GIT_AUTHOR_EMAIL`, `GIT_COMMITTER_NAME` na `GIT_COMMITTER_EMAIL` hushinda faili lolote la mipangilio. Mara nyingi vimeandikwa miaka iliyopita ndani ya `.bashrc` au `.zshrc`, mafaili yanayosomwa terminali inapofunguliwa, au vinawekwa na hati ya mradi inayoendeshwa unapoingia kwenye folda. Kigeuzi `EMAIL` ni dhaifu zaidi. Hutumika tu pale ambapo hakuna anwani nyingine iliyopatikana. Ukivikuta vile vinne, vifute kwenye faili vilikoandikwa na ufungue terminali mpya, kwa kuwa kuvifuta peke yake hakuondoi vilivyokwisha kusomwa na terminali iliyo wazi.

Ipo sababu nyingine isiyofahamika sana. Tangu toleo 2.22 la mwaka 2019, Git inakubali pia `author.email` na `committer.email`, na hivi vikiwapo vinashinda `user.email`. Mtu aliyevijaribu mara moja na kuvisahau atahangaika na `user.email` bila mafanikio. `git config --show-origin --get-regexp '^(author|committer|user)\.'` huvifichua vyote kwa pamoja.

Dalili: sharti la folda halifanyi kazi

Kuandika anwani kwa mkono katika kila hazina kunachosha, na ndiyo maana toleo 2.13 la mwaka 2017 lilileta `includeIf`, ambayo huingiza faili la ziada la mipangilio pale sharti linapotimia. Mpangilio uliokaa sawa unaonekana hivi ndani ya `~/.gitconfig`:

```
[user]
    name = Jina Kamili
    email = mimi@nyumbani.example

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

na ndani ya `~/.gitconfig-kazi`:

```
[user]
    email = mimi@kazi.example
```

Kila hazina iliyo chini ya `~/kazi/` hupata anwani ya kazi. Huu ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa walio wengi, na ndio pia unaoleta maswali mengi, kwa sababu unaposhindwa unashindwa kimyakimya. Faili lililotajwa kwenye `path` likikosekana, Git haisemi chochote. Sharti likiwa ni la aina ambayo Git ya zamani haiijui, hulipuuza bila onyo. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni kuhakikisha faili lipo kwa jina hilohilo, kisha kuendesha `git --version`.

Jaribio lenyewe nalo hukosewa. Mtu huingia `~/kazi`, anauliza `git config user.email`, anaona anwani ya nyumbani, na kuhitimisha kwamba sharti limeharibika. Sharti la `gitdir` hulinganisha mahali lilipo folda la `.git`, na `~/kazi` yenyewe si hazina, hakuna `.git` ya kulinganisha. Ingia ndani ya hazina moja iliyo chini yake ndipo uulize.

Kisha tazama mkwaju (alama ya `/`) wa mwisho. `gitdir:~/kazi/` yenye mkwaju ina maana ya kila kitu kilicho chini ya folda hiyo, kwa sababu Git huongeza `**` mwishoni. `gitdir:~/kazi` isiyo na mkwaju inalingana na njia hiyo moja tu, na kivitendo hailingani na hazina yoyote. Alama hii moja ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu `includeIf`, na jicho huipita kwa urahisi hata likiwa limeitazama mara tatu. Katika Windows, njia iandikwe kwa mkwaju wa kawaida, kwa mfano `gitdir/i:C:/kazi/`, ambapo `/i` inaiambia Git isijali herufi kubwa na ndogo. Tofauti kati ya `Kazi` na `kazi` husumbua pia kwenye kompyuta za Mac, ambako mfumo wa mafaili kwa kawaida huyachukulia majina hayo kuwa moja ilhali sharti la `gitdir` huyaona kuwa mawili.

Mpangilio wa mistari una uzito. Maudhui ya faili la ziada huingizwa palepale penye `includeIf`, na thamani ya mwisho ndiyo inayoshinda. Ikiwa kifungu cha `[user]` kimeandikwa chini ya `includeIf`, anwani ya nyumbani inasomwa baada ya ile ya kazi na kuifuta. Hili hutokea bila mtu kukusudia: faili lililokuwa na `includeIf` peke yake, bila kifungu cha `[user]`, likiongezewa anwani kwa `git config --global user.email`, Git hukiweka kifungu kipya mwishoni mwa faili. Katika orodha ya `--show-origin --get-all`, kosa hili linaonekana waziwazi: anwani zote mbili zipo, lakini ya kazi imetangulia. Hamisha `includeIf` hadi mwisho wa faili.

Anayetumia `git worktree` ana la kuzingatia zaidi. Folda ya ziada ya kazi inayofunguliwa kwa amri hiyo haina `.git` kamili yake. Inaelekeza kwenye `.git/worktrees/` ya hazina ya asili. Kwa sababu hiyo, hazina ikiwa `~/binafsi/mradi` na folda ya ziada ikiwa `~/kazi/mradi`, sharti linaangalia `~/binafsi`, na anwani ya nyumbani itaandikwa ingawa umesimama ndani ya `~/kazi`. Kadhalika, `git config user.email` ukiwa kwenye folda ya ziada huandika kwenye mipangilio inayotumiwa na folda zote za hazina hiyo. Ili kila folda iwe na yake, washa kwanza `git config extensions.worktreeConfig true`, kisha tumia `git config --worktree user.email`.

Kama miradi yako haikupangwa kwa folda, na huna nia ya kuihamisha, toleo 2.36 la mwaka 2022 lilileta sharti linalotazama anwani ya seva badala ya mahali pa folda:

```
[includeIf "hasconfig:remote.*.url:git@git.kazi.example:*/**"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Sehemu ya `*/**` ihifadhiwe ilivyo. Ukiandika `:**` peke yake, nyota hizo hazivuki mkwaju, na anwani kama `timu/mradi.git` haitalingana. Anayenakili kwa HTTPS aongeze kifungu cha pili chenye `https://git.kazi.example/**`, kwa kuwa kwa Git hizo ni anwani mbili zisizohusiana. Faili linaloingizwa kwa sharti hili haliruhusiwi kutaja anwani za seva ndani yake. Na hazina uliyoianzisha kwa `git init` haitatimiza sharti mpaka uiunganishe na seva, hivyo komiti za siku ya kwanza zitabeba utambulisho wa kawaida. Hapo `useConfigOnly` inaonyesha tena thamani yake, iwapo hukuacha anwani ya jumla.

Dalili: jina ni sahihi, lakini seva inakuona kama mtu mwingine

Unasukuma kazi na seva inajibu `Permission denied`, au `Repository not found` kwa hazina unayoiona kabisa kwenye kivinjari. Usiguse `user.email`. Tatizo ni ufunguo.

Kwa wanaotumia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa ufunguo, uliza seva inakutambua kama nani. Kwa GitHub, tovuti inayohifadhi hazina za Git, amri ni `ssh -T git@github.com`, na jibu linaanza kwa kukusalimu kwa jina la akaunti. Likiwa jina la akaunti nyingine, maelezo yake ni haya: wakala wa SSH huwasilisha funguo ulizo nazo mmojammoja, na seva hupokea wa kwanza inaoufahamu. Ufunguo wa akaunti binafsi ukitangulia, umeshaingia kama mtu binafsi, na hazina ya kampuni kwako haipo. Kuutaja ufunguo sahihi hakutoshi. Ni lazima pia uukataze mfumo usiwasilishe mingine. Katika `~/.gitconfig-kazi` uliyokwisha kuitengeneza, ongeza:

```
[core]
    sshCommand = ssh -i ~/.ssh/id_ed25519_kazi -o IdentitiesOnly=yes
```

Mpangilio huu umekuwapo tangu toleo 2.10 la mwaka 2016. Faida yake ni kwamba anwani ya baruapepe na ufunguo vinakaa katika faili moja na kubadilika pamoja. Njia ya zamani, ya kubuni jina la seva ndani ya `~/.ssh/config` na kuandika upya anwani ya kila hazina, bado inafanya kazi, ila inamtaka mtu akumbuke jina hilo la kubuni kila anaponakili mradi mpya.

Kwa wanaotumia HTTPS, kitunza siri cha mfumo kwa kawaida huhifadhi tokeni moja kwa kila seva, si kwa kila hazina, hivyo akaunti iliyoingia kwanza ndiyo inayotumika kote. Kosa lake ni namba 403, na ujumbe hutaja jina la akaunti iliyokataliwa. Lisome, kwa sababu linakueleza moja kwa moja ni tokeni ipi iliyotumwa. `git config --global credential.useHttpPath true` huitaka Git itofautishe hazina kwa njia nzima ya anwani. Unaweza pia kuweka jina la akaunti kwenye anwani yenyewe, kwa mfano `https://akaunti-ya-kazi@github.com/...`. Nenosiri la akaunti ya GitHub halisaidii hapa. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 halikubaliwi kwa shughuli za Git.

Dalili: komiti haihusishwi na akaunti yako, au sahihi haithibitishwi

Komiti ikionekana kwenye GitHub bila picha wala kiungo cha akaunti, anwani iliyomo haijasajiliwa kwenye akaunti hiyo. Isajili, na komiti za zamani zitaunganishwa bila kubadilishwa. Kama hutaki anwani yako halisi ionekane, GitHub hutoa anwani ya kuficha inayoishia na `users.noreply.github.com`, iweke kama `user.email` ya miradi ya wazi. Ukiwa umewasha ulinzi wa kuzuia anwani isivuje, kusukuma komiti yenye anwani halisi hukataliwa kwa ujumbe wenye `GH007`, na huo si ubovu, ni ulinzi ukifanya kazi yake.

Kuhusu sahihi, makosa mengi hutokana na kubadilisha anwani kwa mradi na kuuacha ufunguo wa sahihi ukiwa wa utambulisho mwingine. `user.signingkey` ikae kwenye faili lilelile la ziada penye `user.email`. Ukiona `gpg failed to sign the data` kwenye terminali, jaribu `export GPG_TTY=$(tty)`, kwa kuwa mara nyingi GPG, programu inayotia sahihi, inashindwa tu kupata mahali pa kukuuliza nenosiri. Tangu toleo 2.34 la mwaka 2021 unaweza kutia sahihi kwa ufunguo wa SSH kwa kuweka `gpg.format` kuwa `ssh`.

Komiti zimeshaandikwa kwa utambulisho usio sahihi

Utambulisho ni sehemu ya komiti, na hashi ya komiti, yaani alama ya kipekee inayoitambulisha, hukokotolewa kutokana na kila kilichomo. Kubadilisha herufi moja ya anwani kunazaa komiti mpya, na zote zinazoifuata hubadilika. Swali la kwanza basi ni kama kazi imeshasukumwa.

Ikiwa haijasukumwa, na kosa ni la komiti ya mwisho tu, rekebisha mipangilio kwanza, kisha:

```
git commit --amend --reset-author --no-edit
```

Zikiwa kadhaa, na zote ni zako:

```
git rebase origin/main --exec 'git commit --amend --reset-author --no-edit'
```

Sharti la kwamba zote ni zako lina uzito kamili. `--reset-author` hukuandika wewe kuwa mwandishi wa kila komiti inayopita, pamoja na za mwenzako uliyevuta kazi yake, na kufanya hivyo ni kumnyang'anya kazi yake hata kama hukukusudia. Huandika pia muda wa sasa kama muda wa uandishi, hivyo kazi ya wiki nzima itaonekana kufanywa kwa dakika moja. Angalia kwanza kwa `git log --format='%h %an <%ae>' origin/main..`. Historia yenye komiti za kuunganisha matawi itahitaji pia `--rebase-merges`, la sivyo zitapotea.

Ikiwa kazi imeshasukumwa kwenye tawi la pamoja, na tatizo ni majina yasiyolingana tu, iache historia ilivyo na uweke faili `.mailmap` kwenye mzizi wa hazina:

```
Jina Kamili <mimi@kazi.example> <mimi@nyumbani.example>
```

Tangu toleo 2.23 la mwaka 2019, `git log` hulitumia bila kuambiwa, na `git shortlog -sne` itakuhesabu kama mtu mmoja. Anayetumia umbizo lake mwenyewe aandike `%aN` na `%aE`, kwa kuwa `%an` na `%ae` huonyesha kilichoandikwa asili.

Njia hiyo haimfai anayetaka kuificha anwani, kwa sababu `.mailmap` huiandika anwani hiyo kwa mara nyingine, tena kwenye faili ambalo kila mtu huliona. Mwenye haja hiyo hana budi kuandika upya historia nzima, na chombo cha kutumia ni `git filter-repo` kwa chaguo lake la `--mailmap`, akipewa faili lililohifadhiwa nje ya hazina. Amri ya zamani ya `git filter-branch` ina mitego mingi kiasi kwamba Git yenyewe huonya dhidi yake. Kabla ya hapo timu nzima ikubaliane siku, kila mtu asukume kazi aliyonayo, na baada ya historia mpya kupanda kwa nguvu kwenye seva, kila mmoja afute nakala yake na kunakili upya, kwa sababu mtu mmoja tu akisukuma kutoka nakala ya zamani, komiti zote za awali zinarudi pamoja na anwani yake. Na nakala zilizokwisha kuchukuliwa na watu wa nje zitabaki nayo.